MAARIFA NA UFUNDI: Darubini Kubwa Iliyokatwa kwa Msumeno

Kila mtu aliyepata kujenga nyumba anayajua mashaka ya mlango. Seremala huja na futi yake, hupima nafasi iliyoachwa na mwashi, huandika hesabu katika kipande cha karatasi, kisha hurudi kwenye karakana yake. Baada ya majuma mawili mlango huletwa ukiwa umepigwa randa na kupakwa rangi, nao ni mzuri wa kutazama. Lakini unaposimamishwa mahali pake hukataa kuingia. Hapo ndipo tabia ya fundi hujulikana. Yuko atakayemlaumu mwashi, na yuko atakayeulaumu mti kwamba umevimba kwa mvua. Yuko na yule ambaye, bila ya maneno mengi, hutoa randa mkobani mwake na kuanza kupunguza ubao pale pale mbele ya mwenye nyumba.

Mashaka ya namna hiyo hayawapati maseremala wa mitaani peke yao. Usiku wa tarehe 3 Januari, 1888, yaliwapata baadhi ya mafundi na wanachuo hodari kabisa wa zamani zao, juu ya Mlima Hamilton katika jimbo la California, Marekani. Walikuwa wameisimamisha darubini iliyopita kwa ukubwa darubini zote za lenzi zilizopata kutengenezwa duniani. Miaka mingi ya kazi ilikuwa imekwisha pita, na mali nyingi ya mtu aliyekufa ilikuwa imetumika. Wakaielekeza kwenye nyota, wakatazama, na nyota haikuonekana wazi. Habari ya jinsi darubini hiyo ilivyojengwa, na ya jambo walilolifanya usiku ule, yastahili kujulikana na kila mtu anayefanya kazi ya vipimo, awe fundi, mwalimu au karani.

MALI YA SEREMALA

Habari yenyewe yaanza na seremala vile vile. James Lick alizaliwa mwaka 1796 katika jimbo la Pennsylvania. Alijifunza kazi ya mbao tangu ujana wake, akapata kuwa fundi wa kutengeneza piano. Kisha akasafiri kwenda Amerika ya Kusini, akakaa Buenos Aires, na Valparaiso, na Lima, akiishi kwa kazi ya mikono yake na kuweka akiba. Mwanzoni mwa mwaka 1848 alifika San Francisco, ambayo wakati huo ilikuwa mji mdogo tu wa pwani, akiwa na dola kama 30,000 za dhahabu. Hakuzitumia fedha hizo katika anasa, bali alinunua viwanja. Siku chache tu baada ya kufika kwake dhahabu ilionekana katika California, watu wakamiminika kutoka pande zote za dunia, na ardhi aliyoinunua kwa bei ndogo ikawa mali kubwa. Hata uzee ulipomfikia, Lick alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa jimbo lile.

Mtu mwenye mali nyingi hupenda jina lake lidumu. Yasemekana Lick aliwahi kufikiri kujengewa piramidi katikati ya mji wa San Francisco, kubwa kupita ile ya Misri. Lakini walikuwapo watu wenye elimu waliozungumza naye, na mmoja wao alikuwa George Davidson, aliyekuwa mkuu wa chama cha elimu ya sayansi cha California. Mwishowe mzee aliiacha fikira ya kaburi la fahari, akaweka dola 700,000 kwa ajili ya darubini, akiagiza kwamba iwe kubwa na yenye nguvu kupita darubini yo yote iliyopata kutengenezwa. Alikufa tarehe 1 Oktoba, 1876, kabla hata jiwe moja halijawekwa. Wadhamini wa mali yake ndio walioachiwa deni la kuitimiza ahadi, na mkuu wao kwa miaka mingi alikuwa Richard Floyd, aliyekuwa nahodha wa meli.

MAHALI PA KUIWEKA

Mtu aweza kuuliza: darubini si hutazama juu tu? Kwa nini isiwekwe mjini, karibu na reli na maduka? Jibu ni hewa. Msomaji na aitazame barabara ya vumbi wakati wa adhuhuri, jua linapowaka. Ataona miti ya mbali inatetemeka kana kwamba iko ndani ya maji. Miti haitetemeki, bali hewa yenye joto inapanda na kuuchezesha mwanga. Jambo hilo hilo huzipata nyota, na ndiyo sababu zinametameta. Darubini kubwa hukuza kila kitu, na hewa mbaya huikuza pia. Kwa hiyo yafaa iwekwe mahali ambapo hewa imetulia, mbali na moshi na ukungu.

Mlima Hamilton uko mashariki ya mji wa San José, na urefu wake ni kama futi 4,200 juu ya bahari. Msomaji wa Nairobi atacheka akisikia kwamba yeye anaishi juu zaidi ya hapo. Hata hivyo, kilele kile kimesimama juu ya ukungu wa mabonde ya pwani, na hewa inayotoka baharini hupita juu yake kwa utulivu. Ili kuwa na hakika, wadhamini walimwita S. W. Burnham katika mwaka wa 1879 akaijaribu hewa ya mlima. Burnham huyu mchana alikuwa mtumishi wa mahakama mjini Chicago, akiandika maneno ya kesi. Usiku alikuwa mtazamaji wa nyota pacha, na macho yake yalisifiwa kuwa makali kupita ya watu wengi waliolipwa mishahara kwa kazi hiyo. Alipanda mlimani na darubini yake ndogo yenye lenzi ya inchi 6, akakaa huko majuma kadha wa kadha, akaona nyota pacha mpya ambazo hakuna aliyepata kuzijua. Akaleta taarifa kwamba mahali pale ni bora mno. Hivyo neno la mtu mwenye uzoefu liliwatoa wadhamini wasiwasi kabla ya fedha nyingi kutumika.

Barabara ilikuwa imekwisha chimbwa katika mwaka wa 1876, ikizunguka zunguka milimani ili farasi wapate kuvuta mizigo bila ya kushindwa na mpando. Kilele nacho kilikatwa kwa baruti mpaka pakapatikana uwanja ulio sawa, maana mlima wenye ncha hauwezi kubeba nyumba.

KIOO

Darubini ya namna hii huitwa darubini ya lenzi, kwa kuwa mwanga hupita ndani ya kioo na kupindwa mpaka ukutane mahali pamoja. Kazi yake ya kwanza ni kukusanya mwanga, kama vile bati pana la nyumba likusanyavyo maji ya mvua mengi kuliko sufuria. Mboni ya jicho la mtu gizani hupanuka kiasi cha robo inchi tu. Lenzi iliyoagizwa kwa ajili ya Mlima Hamilton ilikuwa na upana wa inchi 36, na kwa hesabu ya eneo yaweza kupokea mwanga zaidi ya mara elfu ishirini kuliko jicho tupu.

Lenzi hiyo si kioo kimoja, ni viwili vilivyowekwa karibu karibu. Sababu yake ni hii: kioo kimoja hakizipindi rangi zote sawasawa, na nyota ikitazamwa kwa kioo kimoja huonekana imezungukwa na rangi, kama ukingo wa chupa iliyovunjika ukitazamwa juani. Mafundi wa zamani waligundua kwamba kioo cha kawaida kikiwekwa pamoja na kioo kizito chenye risasi ndani yake, kosa la kimoja hurekebishwa na kosa la kingine.

Kazi ya lenzi walipewa Alvan Clark na wanawe, mafundi wa jimbo la Massachusetts, katika mwaka wa 1880. Mzee Clark alikuwa mchoraji wa sura za watu kabla ya kuwa fundi wa vioo, na hakuna aliyemshinda katika Marekani nzima. Lakini vipande vyenyewe vya kioo ghafi viliyeyushwa katika kiwanda cha Feil mjini Paris. Kioo kikubwa namna hiyo hakina budi kupoa polepole sana, na kikikosewa kidogo hupasuka au hubaki na mawimbi ndani yake. Mafundi wa Paris walishindwa mara nyingi mno, na miaka ikapita. Vipande viwili vizuri vilipopatikana, Clark na wanawe walivisugua mpaka vikapata umbo, kisha wakavijaribu kwa mwanga, wakavisugua tena palipobaki kosa, na kosa lenyewe ni dogo kuliko unene wa unywele. Kwa kazi kama hiyo mashini hukoma na kidole cha fundi huendelea.

Lenzi ilifika mlimani tarehe 27 Desemba, 1886, ikiwa nzima baada ya kuvuka bara ya Marekani kutoka mashariki mpaka magharibi. Mwezi uliofuata, Januari 1887, mwili wa James Lick uliletwa kutoka San Francisco, ukazikwa chini ya mahali palipotengwa kwa nguzo ya darubini. Basi mzee aliyetaka piramidi alipata kaburi ambalo halifanani na la mfalme ye yote: juu yake pamesimama chombo cha kazi.

KUISIMAMISHA

Wengi hudhani kwamba darubini ikiwa na kioo kizuri kazi imekwisha. Kumbe kuisimamisha ni nusu ya kazi yote. Bomba la darubini hii ni la chuma, na urefu wake ni kama futi 57, yaani linazidi basi la abiria kwa urefu. Bomba hilo sharti lielekee po pote mbinguni, litulie bila ya kutikisika, na lifuate nyota kwa ulaini ambao jicho haliwezi kuutambua. Kazi hiyo ilifanywa na Warner na Swasey, mafundi wa mashini wa mji wa Cleveland.

Kwanza ilisimamishwa nguzo nzito ya chuma juu ya msingi wa mawe na matofali. Msingi wa nguzo hauna budi kutengana na sakafu ya nyumba, ili nyayo za watu wanaotembea zisipeleke mtikisiko kwenye darubini. Juu ya nguzo uliwekwa mhimili wa kwanza, ambao ndio moyo wa kazi yote. Kama ajuavyo kila mwanafunzi, dunia hujizungusha mara moja kila siku, na kwa sababu hiyo nyota huonekana zikitoka mashariki na kushuka magharibi. Ikiwa mhimili wa darubini umelazwa sambamba na mhimili wa dunia, basi yatosha kuuzungusha huo mmoja tu, polepole, kinyume cha mzunguko wa dunia, na nyota itabaki mahali pamoja katika kioo usiku kucha.

Mwinamo wa mhimili huo hutegemea mahali. Katika Mlima Hamilton umeinuliwa kiasi cha digrii 37, kuelekea mahali pa nyota ya kaskazini. Mtu akisimamisha darubini ya namna hiyo katika ncha ya kaskazini ya dunia, mhimili utasimama wima kama mlingoti. Naye akiisimamisha Nairobi au Nanyuki, karibu na mstari wa ikweta, mhimili utalala karibu sawa na ardhi. Kwa hiyo darubini iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi moja haiwezi kuchukuliwa tu na kuwekwa katika nchi nyingine. Sharti ipimwe upya kwa mahali pake.

Juu ya mhimili wa kwanza hukaa mhimili wa pili, unaoiwezesha darubini kwenda juu na chini, na juu ya huo ndipo bomba lenyewe hufungwa. Upande mwingine huwekwa vyuma vya kusawazisha uzito. Hapa fundi hufanya kazi kama mwuza duka mwenye mizani: huongeza na kupunguza mpaka mzigo wote utulie, hata mtu mmoja aweze kuusukuma kwa mkono wake. Kisha hufungwa saa kubwa inayoendeshwa kwa uzito unaoshuka, ambayo huzungusha mhimili wa kwanza kwa mwendo wa nyota. Bila ya saa hiyo nyota ingepita katika kioo na kutoweka kabla mtu hajahesabu mia.

Kuba la nyumba, lenye upana wa futi kama 75, lilijengwa kwa chuma na kiwanda cha San Francisco, nalo huzunguka ili mwanya wake ufuate darubini. Ilibaki shida moja: bomba likielekea juu kabisa, mahali pa kutazamia huwa karibu na sakafu; likielekea upeo wa macho, mahali hapo huwa juu sana. Je, mtazamaji apande ngazi gizani kila mara? Howard Grubb, fundi wa darubini wa Dublin, alitoa shauri kwamba sakafu yenyewe ipande na kushuka. Ikafanywa hivyo. Sakafu nzima ya duara, yenye upana wa futi zaidi ya 60, huinuliwa kwa nguvu za maji kiasi cha futi 16 na nusu. Mtu asemaye kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, hapa amekuta watu walioamua kuuinua uvungu.

USIKU WA KUJARIBU

Mzee Alvan Clark hakuiona siku hiyo. Alikufa mwezi wa Agosti 1887. Mwanawe, Alvan Graham Clark, ndiye aliyepanda mlimani wakati wa baridi, na tarehe 31 Desemba, 1887, lenzi iliingizwa katika kichwa cha bomba. Mawingu yakafunga. Siku tatu watu wakangoja, na ni rahisi kuwaza walivyoitazama mbingu kama mkulima aitazamavyo mvua inayochelewa.

Jioni ya tarehe 3 Januari, 1888, mawingu yakaachana. Darubini ikageuzwa kuelekea nyota. Mtazamaji akakisogeza kijioo cha kutazamia mbele na nyuma, kama ilivyo desturi, akitafuta mahali ambapo nyota huwa nukta moja safi. Akakisogeza mpaka mwisho wake. Nyota ikabaki pana na yenye ukungu.

Ili kuelewa jambo lililotokea, msomaji na achukue kioo cha kukuzia maandishi, akishike juani juu ya kipande cha karatasi. Akikisogeza juu na chini ataona duara la mwanga likipanuka na kusinyaa, mpaka mahali pamoja tu linapokuwa nukta kali inayoweza kuichoma karatasi. Masafa kutoka kwenye kioo hadi kwenye nukta hiyo ni tabia ya kioo chenyewe. Hayabadiliki kwa kutaka kwa mtu. Darubini ni kioo hicho kilichotiwa bomba, na bomba sharti lilingane na masafa yale, ili kijioo cha kutazamia kiangukie mahali pake. Bomba la Mlima Hamilton lilikuwa limetengenezwa kwa kukadiria masafa ya lenzi, na makadirio yalikuwa na kosa. Bomba lilikuwa refu mno, na nukta ya mwanga iliangukia ndani yake, mahali ambapo kijioo hakikuweza kufika.

Na tufikiri kidogo juu ya hali ya watu wale. Chini ya miguu yao alilala mwenye mali, aliyetaka darubini bora kupita zote. Lenzi ilikuwa imetengenezwa upande mmoja wa nchi, bomba mahali pengine, na kuba mahali pengine, na kila fundi angaliweza kumwonyeshea mwenziwe kidole. Wangaliweza kushuka mlimani, kuandikiana barua za lawama miezi sita, na kulipeleka bomba kiwandani. Wangaliweza pia kunyamaza, na kusema kwamba hewa ilikuwa mbaya. Hawakufanya hata moja la hayo. Ulitafutwa msumeno wa kukatia chuma, na bomba lile la fahari, lililotengenezwa kwa ustadi mkubwa, likakatwa mpaka likawa na urefu uliotakiwa. Kisha wakatazama tena, na nyota iitwayo Aldebaran ikawaka katika kioo, safi na kali.

Nyota hiyo si ngeni kwa wakulima wa nchi zetu. Katika usiku wa mwezi wa Januari, mtu akitazama juu atakiona Kilimia, kile kikundi cha nyota ndogo ambacho wazee walikitumia kujua majira ya kulima. Karibu yake, upande wa mashariki, iko nyota moja yenye wekundu, inayokifuata usiku kucha. Hiyo ndiyo Aldebaran, na jina lake limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni mwenye kufuata. Kwa hiyo nyota ambayo watoto wetu waweza kuiona wakiwa uani ndiyo iliyotoa ushahidi kwamba msumeno ulifanya kazi yake vyema.

MATUNDA YAKE

Siku nne baadaye, tarehe 7 Januari, darubini ilielekezwa kwenye sayari ya Zohali. James Keeler, kijana wa miaka 30, aliona katika pete za sayari hiyo mstari mwembamba mweusi, karibu na ukingo wa nje, kwa namna ambayo darubini ndogo hazikuweza kuonyesha. Tarehe 1 Juni, 1888, kituo chote kilikabidhiwa Chuo Kikuu cha California.

Miongoni mwa watu wa kwanza kufanya kazi hapo alikuwa E. E. Barnard wa Nashville, katika jimbo la Tennessee. Barnard alizaliwa yatima wa baba, katika umaskini mkubwa, na elimu yake ya shule ya utotoni ilikuwa ya miezi michache tu. Alipokuwa na miaka 9 aliandikwa kazi kwa mpiga picha, na kazi yake ilikuwa kukielekeza juani chombo kikubwa cha kukuzia picha, akikisogeza kidogo kidogo mchana kutwa kadiri jua lilivyokwenda. Bila ya kujua, mtoto yule alikuwa akiifanya kwa mikono kazi ya saa ya darubini. Tarehe 9 Septemba, 1892, akitazama kwa lenzi ile ya inchi 36, aliona mwezi wa tano wa sayari ya Mshtarii, ambao sasa huitwa Amalthea. Tangu Galileo alipoiona miezi minne katika mwaka wa 1610, miaka 282 ilikuwa imepita pasipo mtu kuongeza hata mmoja.

Darubini ya Mlima Hamilton ilibaki ya kwanza kwa ukubwa mpaka mwaka wa 1897, ilipofunguliwa ile ya Yerkes katika jimbo la Wisconsin, yenye lenzi ya inchi 40, iliyotengenezwa na Alvan Graham Clark huyo huyo. Huko nako hapakukosa msiba wa ufundi: tarehe 29 Mei, 1897, kamba za chuma zilizoshikilia sakafu ya kupanda na kushuka ziliachia, na sakafu nzima ikaanguka. Kwa bahati njema hapakuwa na mtu juu yake, na lenzi haikudhurika. Sakafu ikajengwa upya, na kazi ikaendelea.

Baada ya hapo wataalamu waliokuwa wakitafuta ukubwa zaidi waligeukia darubini za vioo vya kuakisi. Lenzi hushikwa pembeni tu, kwa sababu mwanga lazima upite katikati yake. Ikizidi ukubwa hupindwa na uzito wake yenyewe, na unene wake humeza mwanga. Kioo cha kuakisi hutegemezwa kwa nyuma, kama sahani juu ya meza, na kwa hiyo chaweza kuwa kikubwa zaidi sana.

Wahenga walisema kwamba kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Karani anayekuta jumla yake haikubaliani na fedha zilizomo sandukuni ana usiku wake wa tarehe 3 Januari. Aweza kufuta tarakimu kwa wembe, au kumtupia lawama mwenziwe wa meza ya pili. Au aweza kupiga mstari wa wino mwekundu, akaandika hesabu ya kweli juu yake, na kutia sahihi yake. Wino mwekundu haupendezi katika daftari safi, kama vile msumeno usivyopendeza katika bomba jipya. Lakini tangu usiku ule bomba lililofupishwa lilizionyesha nyota, na lile refu halikupata kuionyesha hata moja.